Dabo Kebini Katika Njia Panda ya Lusahunga: Nani Ndani, Nani Nyuma?

Mtu anayetaka kuifahamu dola yetu bila kufungua Katiba na bila kusikiliza hotuba ya bajeti, ninamshauri afike Lusahunga, wilayani Biharamulo, akae kwenye kibaraza cha mgahawa wowote unaotazama njia panda, aagize chai, kisha asome namba za magari. Hapo ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Dodoma, Nzega, Kahama na Nyakanazi inapogawanyika. Tawi moja linakwenda Rusumo, mpakani mwa Rwanda, kilomita 92 mbele. Tawi la pili linaelekea Biharamulo mjini, Muleba na Bukoba. Malori yenye shehena za Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo hupita usiku na mchana, na pembeni mwake wapo wauza ndizi, wachoma nyama, mafundi wa matairi na vijana wa bodaboda wanaosubiri abiria wa vijijini.

Malori hayo ni ya biashara, na biashara haina haja ya kujieleza. Ninachomwomba msomaji akitazame ni kile kinachopita katikati ya malori. Namba zinazoanza na STK, STL na STJ ni za serikali kuu. SM ni serikali za mitaa. SU ni shirika la umma. DFP ni mradi unaogharamiwa na wahisani. PT ni polisi, JW ni jeshi. Herufi hubadilika, lakini umbo la gari hurudia lile lile: milango minne, viti vitano, na nyuma yake bodi ya wazi ya kupakia mizigo. Pengine mbele kuna bomba la kuvutia hewa lililopanda hadi usawa wa paa, ambalo kwalo wananchi wameipa Land Cruiser jina la mkonga. Watu wa kwetu huliita gari la namna hii dabo kebini, na kwa jina hilo nitaliita mimi pia.

Dabo kebini ni gari lililokataa kuchagua. Sehemu yake ya mbele ni gari la familia au la mkubwa: kiyoyozi, redio, viti vya kitambaa au ngozi, vioo vinavyopanda kwa kubonyeza kitufe. Sehemu yake ya nyuma ni lori dogo: bati, tope, kamba, mapipa ya mafuta, magunia ya mahindi, mbuzi waliofungwa miguu. Kati ya sehemu hizo mbili pana ukuta mwembamba wa bati wenye dirisha dogo la kioo. Makala haya yanahusu ukuta huo.

Wazo lenyewe si la jana. Nchini Marekani kampuni ya International ilitoa pikapu yenye nafasi ya safu mbili za viti mwaka 1957, na mwaka uliofuata Volkswagen ya Ujerumani ikaanza kuunda gari lake la mizigo lenye kebini mbili. Shabaha ilikuwa ya kawaida kabisa: genge la mafundi liende kazini pamoja na zana zake katika safari moja. Fundi na nyundo yake walisafiri ndani ya gari moja, na aliyeketi safu ya nyuma ndiye huyo huyo aliyeshuka kuchimba mtaro. Kwa maneno mengine, gari hili lilizaliwa kwa ajili ya wafanyakazi. Safari yake kutoka mikononi mwa mafundi hadi kwenye maegesho ya wakurugenzi ni sehemu ya historia ya siasa, na katika historia hiyo kodi ina nafasi kubwa.

Tangu mwanzo gari hili limewasumbua watoza ushuru, kwa sababu sheria za forodha hupenda vitu vyenye jina moja. Mwanzoni mwa mwaka 1964 Marekani ilianza kutoza ushuru wa asilimia 25 kwa malori madogo kutoka nje, ikilipiza kisasi kwa nchi za Ulaya zilizokuwa zimeongeza ushuru kwa kuku wa Marekani. Ugomvi wa kuku umesahaulika. Ushuru wa malori umebaki. Kampuni ya Subaru ya Japani ilipotaka kuuza huko pikapu yake ndogo iitwayo BRAT mwishoni mwa miaka ya 1970, ilifunga viti viwili vya plastiki ndani ya bodi, vikitazama nyuma, ili gari lihesabiwe kuwa la abiria na likwepe ushuru ule. Binadamu akawekwa kwenye bodi ili hesabu za forodha zikae sawa. Na mwaka 2007 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilipoulizwa iwapo pikapu zenye viti vya ngozi na anasa nyingine ni magari ya mizigo au ya watu, ilijibu kuwa ni ya watu: mwonekano na vifaa vya ndani vilikuwa vimeshuhudia kusudi lake.

Ninaupenda uamuzi huo kwa namna ulivyofikiri. Majaji hawakuuliza mwenye gari anajiitaje. Waliuliza gari limetengenezwa kwa ajili ya nani. Swali hilo linafaa kusafirishwa hadi Lusahunga, kwa kuwa huku dabo kebini hubadili jina kila inapohitajika. Inapoombewa fedha ni gari la kazi, tena la kazi ngumu ya vijijini. Inapokabidhiwa huwa gari la mkubwa. Mwananchi anapoomba lifti ni gari la serikali, haliruhusiwi kupakia mtu. Na akishapanda nyuma likakutana na askari wa usalama barabarani, ghafla ni gari la mizigo, ambalo sheria yetu hairuhusu kulijaza abiria. Gari moja, majina manne, na kila jina linamwelemea mtu yule yule.

Katika pembe yetu ya nchi magari haya yalianza kuonekana kwa wingi kutokana na msiba. Tarehe 28 Aprili 1994 na siku iliyofuata, zaidi ya watu 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia mauaji na vita vya Rwanda. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kwa kampuni ya Kitaliano iliyojenga barabara, ikageuka kuwa mji mkubwa ndani ya muda mfupi kuliko unaohitajika kuotesha mahindi. Mashirika ya misaada yakafuata, na pamoja nayo magari meupe yenye antena ndefu za redio. Wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao Desemba 1996. Waliotoka Burundi walibaki Lukole kwa miaka mingi baadaye. Kwa watoto wa barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, ambao mimi nilikuwa mmoja wao, miaka hiyo ndiyo iliyotufundisha kuyatambua magari kwa sauti kabla hayajatokea kilimani.

Mwaka mmoja baada ya Benaco, nikiwa darasa la sita, mama yangu alishikwa na uchungu wa uzazi uliokataa kuisha. Mkunga wa kijijini alihangaika usiku kucha, na kulipopambazuka akasema hili halimo tena mikononi mwake. Wanaume wanne walimbeba mama kwa machela hadi kando ya barabara. Ilikuwa Aprili na mvua ilikuwa ikinyesha. Tulipungia mikono malori, hayakusimama. Wala siwalaumu madereva wake, maana miaka ile majambazi waliteka magari katika mapori ya Biharamulo, na mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki. Nani angesimama porini kwa sababu ya kundi la watu waliolowa?

Iliyosimama ilikuwa dabo kebini ya mradi mmoja. Ndani walikuwamo watu wawili, dereva na bwana mwenye miwani aliyeketi mbele pembeni yake. Safu ya nyuma yenye nafasi ya watu watatu ilikuwa na mabegi mawili na maboksi ya maji ya kunywa. Dereva alishuka, akamtazama mama, akamtazama bwana yule kupitia kioo, kisha akazunguka na kufungua mlango wa bodi. Baba aliingia kwanza akaketi na kunyoosha miguu ili mama amlalie mapajani. Bibi akafuata na kanga tatu. Mimi niliketi kwenye kona nikishika kikapu na kipande cha turubai, nikijaribu kukizuia kisipeperuke usoni mwa mama. Tulikwenda hivyo hadi Lusahunga, na kutoka Lusahunga hadi hospitali, mvua ikitupiga njia nzima. Baada ya muda kioo cha nyuma kilifunga ukungu, na hatukuwaona tena waliokuwa ndani.

Mdogo wangu alizaliwa jioni hiyo, mzima. Leo ni muuguzi. Mama alilala wodini siku tisa kwa homa ya mapafu, akapona. Baba aliwashukuru watu wale kwa mikono miwili, na hadi anafariki hakuwahi kuwataja bila kuwaombea baraka. Nilipokuwa kijana wa chuo, mwenye kichwa kilichojaa nadharia, nilianza siku moja kuwasema vibaya mbele ya mama. Alinikatiza. “Walisimama, mwanangu,” aliniambia. “Wengine hawakusimama. Usimtukane aliyesimama.” Akanyamaza kidogo akichambua maharage, kisha akaongeza: “Ila nilivijua visogo vyao tu. Nyuso zao sikuziona.”

Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhusiano wa dola na raia wake, na nimefundisha baadhi yake. Sijakutana na maelezo yanayouzidi ufupi wa maneno hayo ya mama. Watu walitusaidia, na msaada wao uliokoa uhai wa watu wawili. Lakini msaada huo ulitolewa na watu waliotupa kisogo, huku viti vitatu vikavu vikiwa vimekaliwa na maboksi ya maji. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kosa la wachambuzi wengi ni kushika moja na kuliachia jingine. Mwenye kuona ukarimu peke yake hawezi kueleza homa ya mapafu. Mwenye kuona dharau peke yake hawezi kueleza kwa nini mdogo wangu yu hai.

Tangu hapo nimekuwa na mazoea ya kutazama bodi za magari ya umma na kujiuliza mwananchi huingia humo lini. Nimehesabu nyakati nne. Huingia akiwa mgonjwa au mzazi, kama mama. Huingia akiwa kibarua anayekwenda kufyeka, kubeba nguzo au kushusha saruji. Huingia akiwa mshangiliaji wakati wa kampeni, vipaza sauti vikiwa juu ya paa na fulana mpya ikiwa mwilini. Na huingia akiwa mtuhumiwa. Hilo la mwisho lina jina lake kabisa: pikapu ya polisi watu wetu huiita difenda, hata ikiwa imeundwa na Toyota, kwa sababu jina la Land Rover ya zamani limehamia kwenye kazi na kuliacha gari. Askari huketi kwenye mabenchi pembeni, aliyekamatwa huketi sakafuni katikati ya buti zao. Katika nyakati zote nne raia yuko nyuma, na ndani kuna mtu anayejua safari inakoishia.

Sasa nami husafiri ndani. Kazi ya utafiti imenirudisha barabara hiyo mara nyingi, na mara nyingi hupewa kiti katika dabo kebini ya taasisi fulani. Nimejifunza kwamba mwenye neno la mwisho juu ya kiti kitupu, kinyume na tunavyodhani, mara nyingi ni dereva, mtu wa mshahara mdogo kuliko wote waliomo. Katika safari moja tulimpita bibi mmoja mwenye mtoto mgongoni karibu na Nyakahura, jua likiwa la utosi. Niliomba tumchukue. Tulisimama, akaingia, akaketi pembeni yangu, akashukia Lusahunga. Alipokwisha kushuka, dereva aliniambia kwa upole: “Mwalimu, leo tumebahatika. Huyu bibi angeumia humu ndani, bima isingemtambua. Wewe ungeandika barua ya kusikitika. Mimi ningesimama mahakamani.”

Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Tumezoea kuwaona madereva wa magari ya umma kuwa watu wa kiburi wanaotutimulia vumbi. Tusichokiona ni daftari la safari analolijaza kila siku, kilomita kwa kilomita, lita kwa lita, lisilo na safu hata moja ya kuandika “nimempeleka mama mjamzito zahanati”. Kanuni inamtaka aeleze kila alichokifanya nje ya ratiba, na wema uko nje ya ratiba. Kwa hiyo dereva mwema huufanya wema kwa siri, na dereva mwoga hupita. Dola iliyo na busara isingewaachia madereva wake uamuzi wa namna hiyo bila kuwapa kinga.

Hapa wapo watakaosema suluhisho ni kuyapunguza magari yenyewe. Hoja hiyo ina historia ndefu katika kanda yetu. Miaka ya 1960 tuliwacheka Wabenzi. Baadaye likaja neno shangingi, lililokuwa likimtaja mwanamke mjuzi wa anasa, likabandikwa kwenye magari makubwa ya kifahari ya viongozi. Rwanda, ambayo malori haya ya Lusahunga huihudumia, iliwanyang'anya maofisa wake magari ya aina hiyo katikati ya muongo wa 2000, ikayapiga mnada na kuanzisha utaratibu wa kuwakopesha wanunue ya kwao. Kenya nayo mwaka 2009, Waziri wa Fedha akiwa Uhuru Kenyatta, iliwataka mawaziri wahamie kwenye magari yenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800, na Volkswagen Passat zikawa habari ya mjini kwa muda.

Hatua hizo zilikuwa na maana yake. Hata hivyo, nimeona kwamba hasira ya umma dhidi ya shangingi huipita dabo kebini bila kuigusa. Shangingi halina pa kujificha. Umbo lake linakiri starehe. Dabo kebini ina bodi, na bodi ni kama jembe lililotundikwa ukutani katika sebule ya tajiri: inamwambia mgeni kuwa humu tunafanya kazi. Nimeziona dabo kebini zilizozeeka huku rangi ya bodi ikiwa haijapata mkwaruzo hata mmoja. Nimeziona pia zilizofungwa mfuniko mgumu wenye kufuli juu ya bodi, hivi kwamba hata kazi ya kumbeba mgonjwa haiwezekani tena. Gari la namna hiyo bado linaandikwa kuwa la shughuli za vijijini.

Wakati huohuo, sitaki kumfurahisha msomaji wa mjini kwa kudai magari haya ni anasa tupu. Aliyewahi kwenda vijiji vya ndani vya Biharamulo au Ngara wakati wa masika anajua gari dogo haliendi huko. Chanjo huenda kwa dabo kebini. Mitihani ya watoto wetu huenda kwa dabo kebini, ikilindwa. Mbegu, vifaa vya kupimia ardhi, masanduku ya kura, maiti inayorudishwa nyumbani kuzikwa, vyote hivyo vimebebwa humo. Ukiiondoa, aliyeko mwisho wa barabara ndiye atakayekuwa wa kwanza kuumia. Kwa hiyo swali langu halihusu kuwapo kwa gari. Linahusu nafasi zilizomo ndani yake na haki ya kuzitumia.

Hebu tuyatazame tena malori. Kila lori linalopita Lusahunga limepimwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini mwetu tarehe 1 Machi 2019, inayataka magari ya kuanzia tani tatu na nusu yapite mizani, na uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56. Pale Nyakanazi, mwendo mfupi kabla ya kufika Lusahunga, kipo kituo cha ukaguzi wa pamoja. Dereva wa lori akizidisha uzito hulipa, kwa sababu barabara ni mali ya wote na anayeichosha lazima aifidie.

Dabo kebini haifikii uzito huo. Hupita pembeni bila kusimama. Ni sawa kisheria, na kwa barabara ni sawa kihandisi. Lakini ninapolitazama tukio hilo ninajiuliza: je, tunayo mizani yoyote ya kupima kile ambacho gari la umma limebeba na kile lilichokataa kubeba? Tunajua kwa kilo mzigo wa mfanyabiashara anayepeleka saruji Kigali. Hatujui ni viti vingapi vya magari yetu wenyewe vilipita vitupu mbele ya mama mjamzito katika mwezi huo huo. Ukaguzi wetu huuliza mafuta yameishia wapi. Hauulizi nafasi zimeishia wapi.

Wala tusiseme haiwezekani, kwa maana tumeshaanza. Mfumo wa m-mama, ulioanzia majaribio yake kanda hii ya Ziwa, Sengerema, na kutangazwa kuwa wa taifa zima mwaka 2022, unampa mjamzito au mzazi mwenye dharura namba 115 ya kupiga bila malipo. Anayepokea hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, humpigia dereva wa kawaida wa jirani aliyesajiliwa, mwenye teksi au gari lake dogo, na dereva huyo hulipwa akishamfikisha mgonjwa. Tazama jinsi jambo hili lilivyo rahisi. Mwenye gari binafsi lililochakaa ameingizwa katika mpango wa kuokoa uhai, akapewa utaratibu, malipo na kutambuliwa. Basi linalofanywa na gari la mtu binafsi haliwezi kushindikana kwa gari lililonunuliwa kwa kodi ya yule mama.

Kwa watumishi wa umma wanaonisoma, na ninajua mpo, nina mapendekezo manne, ambayo hayahitaji hata moja fedha ya mkopo. Kwanza, gari lolote la umma linalosafiri nje ya mji liwe na ruhusa ya maandishi ya kumchukua mgonjwa, mjamzito, mzee na mtoto pale lilipo na kiti kitupu, na bima yake imtambue abiria huyo. Pili, daftari la safari liongezwe safu ya kuandika msaada uliotolewa njiani, ili wema wa dereva uhesabiwe kuwa kazi. Tatu, iwe mwiko kumweka binadamu kwenye bodi wakati ndani kuna nafasi, awe mgonjwa, kibarua au mtuhumiwa. Sheria tayari inaitazama bodi kuwa mahali pa mizigo. Tuitii kwanza sisi tunaoisimamia. Nne, magari ya halmashauri yaliyo barabarani yafahamike kwa wanaopokea simu za 115, ili gari lililo kilomita tano kutoka kwa mgonjwa lisipite wakati la kilomita 50 linatafutwa.

Kwa wanafunzi na wanaharakati ninalo ombi dogo zaidi. Mkienda mafunzo ya vitendo au utafiti vijijini, msitazame tu viongozi walivyoandika mpango wa maendeleo wa wilaya. Simameni kando ya barabara asubuhi moja, mhesabu viti. Andikeni: gari la namba gani, saa ngapi, watu wangapi ndani, nani nyuma. Siku tatu za hesabu hiyo zitawafundisha utawala bora kuliko semina ya wiki nzima, na takwimu zenu hakuna atakayeweza kuziita uchochezi, kwa kuwa ni hesabu ya viti.

Najua kuna hofu. Wataniambia, ukifungua mlango huo magari ya serikali yatakuwa daladala. Watumishi watauza nafasi. Majambazi watajifanya wagonjwa. Hofu hizo si za kubuni, na aliyekulia karibu na mapori ya Biharamulo hawezi kuzidharau. Ndiyo maana ninadai kanuni iliyoandikwa, maana hali ya sasa ina maovu yote hayo tayari: nafasi huuzwa kimyakimya, watu hupandishwa bila bima, na anayekosa hela au sura ya kufahamika huachwa juani.

Mwaka 2001 kampuni ya Chevrolet ya Marekani ilileta sokoni gari liitwalo Avalanche, lenye viti vya gari la familia na bodi ya pikapu. Tofauti na zile tulizozizoea, ukuta wa nyuma ya viti ulikuwa unakunjika. Ukiukunja, kebini na bodi vinakuwa kitu kimoja, na mzigo mrefu unaingia hadi ndani. Gari hilo liliacha kuundwa mwaka 2013 na sidhani kama lina faida katika tope la Biharamulo. Nimelitaja kwa sababu moja: limethibitisha kwamba ukuta ule haukuwekwa na Mwenyezi Mungu. Aliuweka mchoraji, na mchoraji mwingine akauondoa.

Kanuni za matumizi ya magari yetu nazo zilichorwa na watu walioketi mezani, na wengi wa wachoraji hao ni wasomaji wa ukurasa huu. Mama yangu sasa ana miaka 74 na bado anaishi kijijini. Siku atakapohitaji tena kupelekwa hospitali, mimi nitakuwa mbali, na gari litakalokuwa karibu naye huenda likawa lenu. Litasimama, ninaamini. Ombi langu ni kwamba mtakaposimama mgeuke mumwone uso, na mwondoe maboksi kwenye kiti.

Tujadili.